Pikipiki ya Kilomita ya Mia Tano: Mwongozo wa Kuchagua Spoti-Turingi Mpya

Karibu kila pikipiki mpya hupendeza kwa kilomita kumi za mwanzo. Injini inaitika, rangi inang'aa, na mwili bado haujachoka. Lakini anayenunua spoti-turingi ananunua siku nzima ya barabara, na kesho yake siku nyingine, akiwa na mzigo na pengine abiria. Ndiyo maana maswali yote hapa chini yanarudi palepale: jambo hili litakuwaje nikifika kilomita ya mia tano? Sifa zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo mara nyingi hazijibu swali hilo. Zinazolijibu zimekaa kurasa za mwisho za kitabu cha maelekezo, na nyingine hazijaandikwa popote, mpaka uzipime kwa mwili wako.

Spoti-turingi ni pikipiki iliyo katikati. Ina injini na chasi ya kukata kona kwa raha kama pikipiki ya spoti, ila mkao wake umenyooka zaidi, ina kinga ya upepo, tangi la kutosha na mahali pa kufunga masanduku. Zipo nyepesi kiasi, kama Yamaha Tracer 9 GT, Suzuki GSX-S1000GT, Kawasaki Ninja 1000SX (iliyorithiwa na Ninja 1100SX mwaka 2025) na Honda NT1100. Zipo pia nzito, kama BMW R 1250 RT (iliyorithiwa na R 1300 RT mwaka 2025) yenye kilo 279 tangi likiwa limejaa, au K 1600 GT yenye silinda sita. Umbali kati ya makundi hayo mawili ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye picha.

Hatua ya 1: Andika safari zako kabla ya kutazama pikipiki yoyote

Chukua karatasi uandike safari unazozifanya kweli, na zile ulizokwisha kuzipanga kwa mwaka ujao. Siku moja unakwenda kilomita ngapi? Uko peke yako au na abiria? Mzigo wako ni begi moja au hema na vyombo vya kupikia? Vituo vya mafuta vimepishana kwa umbali gani? Utapita kwenye mvua, baridi, joto kali?

Kisha jibu kwa ukweli kuhusu barabara yenyewe. Spoti-turingi hutembea juu ya rimu za inchi 17 mbele na nyuma, na shokapu zake hazina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Zimetengenezwa kwa lami. Kipande kifupi cha changarawe zitapita, lakini kama sehemu kubwa ya njia yako ni vumbi na makorongo, tafuta pikipiki ya adventure yenye tairi la mbele la inchi 19 au 21, na mwongozo huu uishie hapa kwako. Kama njia zako ni lami, usishawishiwe kununua pikipiki ndefu kwenda juu kwa ajili ya barabara ambazo hupiti. Utabeba urefu na uzito huo kila siku bila faida.

Hatua ya 2: Kaa juu yake mpaka uchoke

Hii ndiyo hatua ambayo wanunuzi huipitia kwa dakika mbili, ilhali ndiyo inayoamua kama utaifurahia pikipiki hiyo au utaiuza. Nenda dukani umevaa mavazi yako yote ya safari: jaketi, suruali yenye kinga, buti, glavu na helmeti. Omba pikipiki isimamishwe kwenye stendi ya kati, au mtu aishike, halafu kaa juu yake dakika ishirini au thelathini mikono ikiwa kwenye usukani na miguu kwenye vikanyagio. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni viganja. Ukiwa umeinamia mbele kidogo, jaribu kuachia usukani bila kubadilisha mkao. Ikiwa unaanguka mbele, uzito wako unabebwa na mikono, na baada ya saa tatu vidole vitaanza kufa ganzi. Kuinama kidogo kunafaa, kwa sababu upepo husaidia kubeba kifua na mgongo haupokei kila kishindo cha barabara. La pili ni magoti. Vikanyagio vilivyopandishwa juu vinasaidia pikipiki ilale zaidi kwenye kona, ila vinakunja goti, na goti lililokunjwa sana hulalamika kabla ya sehemu nyingine zote. La tatu ni makalio. Kiti laini sana hudanganya, kwa kuwa sponji yake hubonyea yote ndani ya saa moja na unabaki umekalia ubao. Kiti kigumu kidogo, kipana kwa nyuma na chembamba kwa mbele, ndicho kinachodumu. Uliza pia kama kiti kinarekebishika kwa urefu, maana mifano mingi sasa ina nafasi mbili zilizopishana kwa milimita 15 au 20.

Halafu shuka. Isukume pikipiki kurudi nyuma, igeuze mahali pembamba, ipandishe kwenye stendi ya kati wewe mwenyewe. Siku utakayofika usiku umechoka, penye mteremko na mvua, utaifanya kazi hiyohiyo ikiwa imebeba masanduku. Ukishindwa kuimudu dukani penye sakafu kavu, chagua nyepesi.

Na abiria wako aje naye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiti cha nyuma ndicho kitanda hicho. Abiria aangalie urefu wa vikanyagio vyake, mahali pa kushika, na kama anateleza kukufuata mbele unapofunga breki. Asiyestarehe huko nyuma atakufanya usimame kila nusu saa, na ana haki.

Hatua ya 3: Pima upepo

Mwaka 1976 BMW ilitoa R 100 RS, pikipiki ya kwanza ya kiwandani kuuzwa ikiwa na ganda kamili la kukinga upepo lililopimwa kwenye handaki la upepo. Fikra iliyo nyuma yake ndiyo inayoendesha jamii nzima ya spoti-turingi hadi leo: upepo unachosha mwili kuliko barabara. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 130, msukumo unaongezeka kwa karibu asilimia 69.

Kosa la kawaida ni kudhani kioo kirefu ndicho bora. Kioo hukata upepo, na ukingoni mwake hewa hujisokota. Msokoto huo ukigonga kifua, huna shida kubwa. Ukigonga helmeti, kichwa kitatikisika siku nzima, macho yatashindwa kutulia na shingo itauma. Kwa hiyo kioo kile kile kinaweza kuwa neema kwa mtu mfupi na mateso kwa mrefu. Ukiwa kwenye majaribio, kwa mwendo wa barabara kuu mahali palipo wazi na salama, inuka kidogo kwenye vikanyagio, kisha inama kidogo. Ikiwa kelele na mtikisiko vinapungua ukiinuka, kichwa chako kimeingia kwenye hewa safi, na kioo kifupi zaidi kitakufaa. Ikiwa vinapungua ukiinama, unahitaji kioo kirefu au kipana zaidi. Kioo kinachopandishwa na kushushwa, kwa mkono au kwa umeme, kina thamani kuliko nguvu kumi za farasi za ziada.

Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwa mwendo wa barabara kuu inaweza kuvuka desibeli 100, kiwango kinachoharibu usikivu. Vaa viziba masikio hata kama kioo ni kizuri kiasi gani. Wanaosafiri mbali wanajua kuwa viziba masikio hupunguza uchovu waziwazi.

Jambo la mwisho hapa ni joto. Ganda linalokinga upepo linaweza pia kuelekeza hewa ya moto ya rejeta kwenye mapaja. Endesha polepole kwenye msongamano kwa dakika kumi ndipo uamue.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mzigo

Katika karatasi za pikipiki kuna namba mbili: uzito wake ikiwa na mafuta yote, na uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa imebeba kila kitu. Toa ya kwanza kwenye ya pili, utapata uwezo wa kubeba. Namba hii inashangaza watu wengi.

Tuchukue pikipiki yenye uzito wa kilo 230 na kikomo cha kilo 420. Imebaki 190. Wewe una kilo 85, mavazi na helmeti kilo 10. Abiria ana 65, na mavazi yake 8. Masanduku matupu, ambayo mara nyingi hayakuhesabiwa kwenye uzito wa pikipiki, yana kilo 10. Jumla ni 178. Umebakiwa na kilo 12 za mizigo kwa watu wawili. Kwa anayesafiri peke yake pikipiki hiyo inatosha na kuzidi. Kwa wawili wanaokwenda wiki mbili, haifai, hata iwe nzuri namna gani. Na kila sanduku nalo lina kikomo chake, kilichoandikwa ndani ya kifuniko au kwenye kitabu.

Vitu vizito viweke chini na mbele kadiri inavyowezekana. Sanduku la nyuma limekaa juu na nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito uliomo unalipunguzia mzigo tairi la mbele, na ukizidi, usukani huanza kutikisika kwa mwendo mkubwa. Hapo weka vitu vyepesi tu.

Hatua ya 5: Mafuta ya kukufikisha

Usiulize tangi lina lita ngapi peke yake. Lita 19, kwa pikipiki inayokula lita 5.5 kwa kilomita 100, zinafika kilomita 345 hadi tone la mwisho. Hakuna anayesafiri hivyo. Acha akiba ya lita tatu na nusu, utapata kama 280. Ongeza mwendo, mzigo na upepo wa mbele hadi ulaji ufike lita 6.5, na umbali unashuka hadi karibu 240. Linganisha namba hiyo na umbali wa vituo ulioandika katika hatua ya kwanza.

Yamaha FJR1300 iliheshimiwa na wasafiri kwa tangi lake la lita 25, na Honda ST1300 ilikuwa na lita 29. Nyingi za leo zina kati ya lita 18 na 21, kwa kuwa injini zimepunguza ulaji na watengenezaji wanapigania wepesi. Kwa maoni yangu, kilomita 280 za uhakika zinatosha wengi, kwani mwili nao unahitaji kushuka na kunyooka kila baada ya saa mbili.

Hatua ya 6: Injini, na kwa nini haikuja mapema

Takriban nguvu 100 za farasi zinabeba watu wawili na mizigo yao bila kuhangaika. Honda NT1100 iko hapo, Tracer 9 GT ina 119, R 1250 RT ina 136, na GSX-S1000GT inavuka 150. Zote zinafika. Tazama badala yake torki, yaani nguvu ya injini ya kusokota, inapatikana kwenye mizunguko mingapi, kwa sababu unapotaka kulipita lori ukiwa kwenye gia ya sita, hutaki kushuka gia mbili kwanza. Tazama pia injini inazunguka mara ngapi kwa dakika kwenye mwendo wako wa kawaida wa safari. Inayozunguka 4,000 itakuacha umetulia kuliko inayopiga 6,000 siku kutwa.

Mtetemo unatofautiana kwa tabia. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari ni laini, ila ina mtetemo mwembamba na wa haraka unaoweza kuingia mikononi kwenye mizunguko fulani. Ukiangukia kwenye mwendo wako wa safari, utausikia vidoleni. Silinda mbili hupiga kwa uzito zaidi na polepole, na wengi huuzoea. Silinda tatu, kama za Tracer 9, zimesimama kati na kati, nami ndizo ninazozipenda kwa kazi hii. Injini ya boksa ya BMW ina silinda zilizolala kulia na kushoto, hivyo uzito uko chini na pikipiki nzito inajisikia nyepesi ikishaondoka.

Hatua ya 7: Cheni au shafti

FJR1300, R 1250 RT na K 1600 GT hutumia shafti, yaani chuma kinachozunguka ndani ya kifuniko kupeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Tracer 9, NT1100, GSX-S1000GT na Ninja 1000SX hutumia cheni. Cheni ni nyepesi, ni rahisi kubadilisha, na haiibi nguvu nyingi, lakini inataka kupakwa mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000, mara nyingi zaidi kwenye mvua, na kukazwa inapolegea. Kwa safari ya kilomita 5,000 ina maana utabeba kopo la mafuta ya cheni na kuinama pembeni ya gurudumu kila jioni au kila baada ya siku moja. Pikipiki ya cheni isiyo na stendi ya kati inaigeuza kazi hiyo kuwa adhabu, basi dai stendi hiyo hata kama inauzwa kando. Shafti huhitaji kubadilishiwa oili kwa ratiba tu, ila inaongeza uzito na bei, na ikiharibika si jambo la kutengenezwa barabarani. Anayekwenda mbali mara moja kwa mwaka asilipie shafti. Anayeishi barabarani, ailipie.

Hatua ya 8: Shokapu, matairi, breki

Shokapu ya nyuma iwe na kirungu cha kukaza springi kwa mkono bila kutafuta spana. Leo uko peke yako, kesho una abiria na masanduku. Pikipiki iliyobonyea nyuma inapandisha taa machoni mwa wanaokuja, inazembea kuingia konani, na inagusa chini mapema. Shokapu za umeme zinalifanya hili kwa kitufe, na zinafanya vizuri, mradi ukubali gharama yake siku zikifa baada ya muda wa dhamana.

Matairi ya 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma ndiyo vipimo vinavyopatikana kirahisi kuliko vyote, na hilo ni faraja ukipasua tairi mbali. Namba za mzigo, kwa kawaida 58 mbele na 73 nyuma, zina maana ya kilo 236 na kilo 365. Usishuke chini ya hizo unapobadilisha. Rimu zake hazitumii tyubu, kwa hiyo pancha ndogo unaiziba mwenyewe kwa plagi ya mpira na pampu ndogo ya umeme.

Kwa breki, sitachukua spoti-turingi mpya isiyo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki) inayofanya kazi pikipiki ikiwa imelala konani. Ni kihisi kinachopima mlalo ndicho kinachoiambia breki ipunguze kiasi gani. Kwenye kona yenye unyevu, baada ya saa saba za safari, akili yako inachelewa, na mfumo huo hauchelewi.

Hatua ya 9: Umeme unaostahili pesa

Kruzi kontroli, inayoshikilia mwendo yenyewe, inapumzisha mkono wa kulia, na kwa safari ndefu naiweka mbele ya kwikishifta, kifaa cha kubadilisha gia bila kushika klachi. Vishikio vya joto vinafaa hata kwenye nchi za joto, ukikutana na mvua na upepo wa milimani. Ukiwa na mpango wa kuvaa fulana ya joto, kuchaji simu na kuongeza taa za ukungu, uliza altaneta, yaani jenereta ya pikipiki, inatoa wati ngapi. Kruzi yenye rada, inayopunguza mwendo yenyewe kufuata gari la mbele na iliyoanza kuuzwa na Ducati Multistrada V4, ni starehe nzuri kwenye barabara kuu zenye magari mengi. Kwa wengine, pesa hiyo inunue kiti bora.

Hatua ya 10: Sevisi na fundi

Soma ratiba ya kukagua vali, ambayo ndiyo sevisi ghali. BMW za boksa kama R 1250 RT zinakaguliwa kila kilomita 20,000, na kazi ni rahisi kwa kuwa vichwa vya silinda vimetokeza nje. Suzuki na Honda nyingi zinasema 24,000. Yamaha ya silinda tatu inafika karibu 40,000. Injini ya V4 ya Multistrada ni 60,000. Kisha tafuta fundi anayeaminika kwa chapa hiyo aliye karibu nawe, na uulize vipuri vya kawaida kama pedi za breki na chujio la oili vinachukua siku ngapi kufika. Jibu la kusitasita ni jibu.

Hatua ya 11: Majaribio ya saa moja au zaidi

Zikibaki mbili kwenye karatasi yako, ziendeshe zote, siku moja, njia moja, masanduku yakiwa yamefungwa ikiwezekana. Kama duka linatoa dakika kumi tu, tafuta mahali pa kuikodi mfano huohuo kwa siku nzima. Gharama ya kukodi ni ndogo mno ukilinganisha na kununua pikipiki isiyokufaa. Pita msongamano, barabara kuu na kona. Ukishuka, usiseme lolote kwa muuzaji. Tembea dakika tano, usikilize mgongo, magoti na viganja.

Hatua ya 12: Siku ya kuichukua

Kagua tarehe ya matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Pikipiki mpya iliyokaa ghalani miaka mitatu si kosa na inaweza kuwa nafuu, ila dai matairi na betri vikaguliwe na muda wa dhamana uanze siku unayoichukua. Hakikisha ufunguo mmoja unafungua masanduku yote. Rekebisha mikono ya klachi na breki, pedali ya gia na vioo vya pembeni ukiwa hapohapo dukani, fundi akiwa na spana mkononi.

Usipange safari kubwa kwa wiki hiyo. Fuata kikomo cha mizunguko kilichoandikwa kwenye kitabu, badilisha mwendo mara kwa mara, na uende taratibu kwa kilomita mia moja za mwanzo mpaka matairi mapya yaondoe utelezi wake. Sevisi ya kwanza huwa kwenye kilomita 1,000, oili na chujio vinabadilishwa na boliti zinakazwa upya. Zipate kilomita hizo kwa safari fupi fupi za kwenda na kurudi, ukiongeza sanduku moja kila mara na kukaza springi kadiri mzigo unavyopanda, ili siku ya kuondoka uwe umeshaijua ikiwa tupu na ikiwa imejaa.